Mtandao wa Nyumbani Ukisumbua, Usikimbilie Panadol

SEHEMU YA 1



Nilisema wiki hii tutaongelea kumwachisha mtoto kunyonya. Itasubiri. Leo nataka tuongee intaneti ya nyumbani, ile ruta yenye vitaa mliyoiweka sebuleni. Najua kuna atakayesema nesi kapotea njia, akafungue kibanda cha ufundi simu Kariakoo. Soma kwanza, halafu unicheke.

Majuzi nikiwa zamu ya usiku, saa 8 usiku, inaingia meseji ya mama mmoja ninayemfahamu kutoka kliniki. Mtoto wake ana miezi mitano. (Ameniruhusu nisimulie, jina nitalihifadhi.) "Shikamoo nesi, naomba nikutumie video uone mtoto anavyopumua." Nikamjibu haraka, tuma. Nikarudi wodini.

Video haikufika. Kwake kilikuwa kinazunguka tu kile kiduara. Akatoka chumbani akaenda sebuleni. Akazima ruta, akawasha. Akasubiri vitaa virudi. Akajaribu tena. Akarekodi video nyingine fupi zaidi. Akazima tena, akawasha tena. Mimi nilipoangalia simu kwa mara ya pili, video ndiyo kwanza inaingia, dakika 40 zimepita. Niliiangalia sekunde tano nikaifunga. Kifua cha mtoto kilikuwa kinaingia ndani chini ya mbavu kila akivuta pumzi. Nikampigia simu ya kawaida: mama, mfunge mtoto, tafuta usafiri, nenda hospitali sasa hivi, usingoje asubuhi.

Mtoto alipewa oksijeni, akalazwa siku kadhaa, leo mzima anatambaa kila kona. Mungu ni mwema. Lakini zile dakika 40 zimeniganda kichwani. Yule mama si mzembe, na mtu mzembe hakai saa 8 usiku anahangaika na ruta. Alikuwa anafanya kitu alichoamini ni sahihi, yaani kumwonyesha nesi kwanza. Na mimi ndiye niliyemwambia "tuma". Kosa langu nalikubali hapa hapa mbele yenu.

Kwa hiyo kabla hatujagusa waya hata mmoja, tukubaliane hili. Mtoto akishindwa kunyonya au kunywa, akitapika kila kitu, akipata degedege, akilegea na kutoamka vizuri, au kifua kikiingia ndani anapopumua, hakuna video ya kumsubirisha. Mtoto wa chini ya miezi miwili akiwa na joto la nyuzi 37.5 au zaidi, naye ni hivyo hivyo. Unaondoka. Intaneti iwepo isiwepo.

Na kama unataka ushauri ukiwa njiani au usafiri unaandaliwa, piga simu ya kawaida. Kwa Tanzania, mjamzito, mama aliyejifungua au mtoto mchanga akipata dharura kuna 115 ya m-mama, na kwa maswali ya afya kuna 199. Simu ya kawaida haipiti kwenye ruta yako wala haihitaji bando.

Kitu kingine nitamani kila mama ajue: hesabu ya pumzi inatembea kwenye meseji. Mtoto akiwa ametulia, halii, hanyonyi, fungua nguo uone tumbo na kifua, hesabu dakika moja nzima kwa saa. Chini ya miezi miwili, pumzi 60 au zaidi ni nyingi mno. Miezi 2 hadi 11, ni 50 au zaidi. Mwaka 1 hadi kabla ya miaka 5, ni 40 au zaidi. Ukiniandikia kwa meseji ya kawaida "miezi 5, pumzi 64, kifua kinaingia", nimeshakuelewa kuliko video ya gizani inayotikisika. Meseji hiyo inapita hata pale ambapo video inakwama.

SEHEMU YA 2

Sasa turudi kwenye ruta.

Maoni yangu, na najua yatawachoma baadhi: intaneti ya nyumbani siku hizi ni chombo cha kulelea mtoto, kama ndoo ya maji safi na kipimajoto. Mama anayekaa na mtoto mchana kutwa ndiye anatakiwa kuwa na funguo zake. Nyumba nyingi ninazozijua, waifai imesajiliwa kwa namba ya baba, paswedi ya ruta anaijua baba, ujumbe wa "kifurushi chako kinakaribia kuisha" unakwenda kwa baba, na baba yuko safari Mbeya. Mama amebaki na kazi moja tu, kuzima na kuwasha.

Simlaumu baba. Mwenzangu wa nyumbani naye alikuwa hivyo hivyo, na si kwa ubaya, ni kwamba siku fundi alipokuja mimi nilikuwa nanyonyesha chumbani. Hayo mambo hujipanga yenyewe hivyo. Lakini yanapangulika. Leo jioni muulize: akaunti ni namba gani, tunalipaje, tarehe gani inaisha, huduma kwa wateja ni namba ipi, paswedi ya kuingia kwenye ruta yenyewe ni ipi (siyo ile ya waifai tu, hizo ni mbili tofauti). Andika kwenye daftari la kliniki la mtoto kurasa za nyuma, au bandika ndani ya mlango wa kabati la jikoni.

Sasa kuhusu kuzima na kuwasha. Kuzima na kuwasha ni panadol. Sina ugomvi na panadol, nawapa watu kila siku. Inashusha homa. Lakini kama mtoto ana malaria, panadol itashusha joto saa chache, halafu homa inarudi, na wewe unafurahi kwamba "nimempa dawa". Ruta ikizimwa ikawashwa inaamka vizuri kwa sababu kumbukumbu yake imesafishwa na imejiunga upya na mnara. Ikifanya hivyo mara moja kwa mwezi, sawa. Kama unaizima kila siku, kuna ugonjwa hujaupima.

Na kama zamani kila homa ilivyoitwa malaria, leo kila tatizo la intaneti linaitwa "mtandao". Mtandao unasumbua. Mtandao uko chini. Tulijifunza kwa gharama kubwa kwamba homa inapimwa kwanza, ndiyo maana ukija na mtoto ana joto tunamtoboa kidole tufanye mRDT kabla ya kumpa dawa. Hebu tuifanyie ruta vivyo hivyo.

SEHEMU YA 3 (hii ndiyo ndefu, chukua chai)

Nitawafundisha nilivyofundishwa mimi kuangalia dripu isiyotiririka. Nesi mgeni akikuta dripu imegoma, anakimbilia kubadilisha chupa. Nesi mzoefu anaanza mkononi kwa mgonjwa na kupanda juu taratibu: kanula imeziba? Mkono umekunjwa? Mrija umejipinda chini ya shuka? Kile kigurudumu kimefungwa? Chupa iko chini kuliko mkono? Mwisho kabisa ndiyo anaiangalia chupa yenyewe.

Intaneti ina njia yake vilevile. Simu yako, halafu hewa ya chumba (hiyo ndiyo waifai), halafu ruta, halafu waya wa umeme wa ruta, halafu njia ya kutoka nje, ama laini inayoongea na mnara, ama waya wa faiba. Halafu huko nje kwa kampuni. Watu wengi wanabadilisha chupa, yaani wananunua kifurushi kikubwa zaidi, wakati mrija umejipinda chini ya shuka.

Jambo moja lazima lieleweke hapa maana ndilo linalowachanganya wengi. Zile alama za waifai juu ya simu, mistari mitatu imejaa, hazisemi una intaneti. Zinasema simu yako inaisikia ruta vizuri, basi. Ruta yenyewe inaweza kuwa haina kitu. Ni kama kukaa karibu kabisa na bomba ambalo Dawasa hawajafungulia maji. Bomba liko hapo, linang'aa, ndoo iko chini yake, na hakuna kitu.

Kwa hiyo unapima hivi. Siku mtandao unasumbua, chukua simu usimame hatua mbili tatu kutoka kwenye ruta, bila ukuta katikati. Jaribu kufungua video. Ikikubali pale, ikagoma ukirudi chumbani, ugonjwa uko ndani ya nyumba: ni waifai, kuta na mahali ulipoiweka ruta. Usimpigie mtu yeyote wa kampuni, hawezi kukusaidia kuta zako.

Ikigoma hata hapo karibu, chukua simu ya pili, ya dada wa kazi au ya jirani, ijaribu palepale. Yake ikikubali yako ikagoma, mgonjwa ni simu yako. Nenda kwenye setingi za waifai, uisahaulishe simu ule mtandao, uunge upya kwa paswedi. Angalia kama kuna VPN uliiwasha siku fulani ukaisahau, wengi hapo ndipo wanapopotelea. Angalia pia nafasi ya simu, ukiwa umejaza video za mtoto mpaka simu inalia, kila kitu kitakuwa kizito.

Zote zikigoma hapo hapo karibu na ruta, sasa panda juu: angalia vitaa. Hili ndilo swali ninalowauliza wote wanaokuja inboksi na karibu hakuna anayejua jibu: intaneti ikikatika, vitaa vya ruta vinakuwaje? Vinazimika vyote? Vinabaki vyote ila kimoja kinabadilika rangi? Havibadiliki kabisa? Hayo ni magonjwa matatu tofauti.

Mimi mwenyewe niliteseka miezi mitatu kwa kutoangalia. Kila jioni mtandao unakata dakika mbili tatu, unarudi, unakata. Nikapandisha kifurushi. Ukaendelea kukata, sasa kwa bei kubwa zaidi. Nikagombana na kijana wa huduma kwa wateja, masikini, namwomba radhi popote alipo. Mwishowe nikafanya ninachofanya wodini kila siku, nikachora chati. Daftari la mtoto wa shule, mistari: saa ngapi, vitaa vikoje, nani anatumia, umeme ukoje. Siku nne tu. Kila ilipokata, vitaa vyote vilizimika halafu vikawaka upya kimoja kimoja. Hiyo siyo intaneti kukatika, hiyo ni ruta kukosa umeme. Na ilikuwa jioni, wakati umeme wetu unakuwa mdogo na friji likianza kuunguruma taa zinafifia kidogo.

Ilikuwa adapta. Kile kidude cheusi cha ukutani kilikuwa kimechoka, umeme ukiyumba kidogo tu kinashindwa kuishikilia ruta. Adapta mpya nilinunua shilingi 15,000. Miezi mitatu ya kifurushi kikubwa, ugomvi, na simu za video kwa bibi yake watoto zinazokatika katikati ya salamu, dawa yake shilingi 15,000.

Ukienda kununua adapta, nenda na ile ya zamani mkononi. Namba yenye V lazima ifanane kabisa, kama ni 12V ni 12V. Namba yenye A isiwe ndogo kuliko ya zamani, ikizidi haina neno. Na kichomeo kiingie vizuri bila kulegea. Muuzaji akikwambia "hii inaingia kwenye ruta zote dada", asante, rudisha.

Kama ruta yako ni ya faiba na unaona kitaa kilichoandikwa LOS kimewaka chekundu, hapo mwanga haufiki kwenye ruta. Waya umekatika nje, au umekunjwa, au mtoto ameuvuta. Waya wa faiba ndani yake ni kioo chembamba, haukunjwi kama kamba ya kuanikia. Hapo ndipo unapiga simu kwa kampuni, na unawaambia neno hilo hilo: LOS nyekundu. Utaona wanavyobadilika sauti.

Kama ruta ni ya laini na vitaa vyote viko sawa lakini spidi imekufa, jiulize mawili. La kwanza, kifurushi: vifurushi vingi vinavyoitwa havina kikomo vina kikomo chake cha matumizi, ukikifikia hukatwi ila spidi inashushwa mpaka unaomba uzazi wa mpango wa video. Kama tatizo linaanza tarehe za mwisho wa kifurushi na kupona siku unayolipia, umeshapata jibu. La pili, mnara. Saa 1 hadi saa 4 usiku mtaa mzima umerudi nyumbani, wote mmeng'ang'ania mnara mmoja. Wewe unayeamka saa 9 usiku kunyonyesha una kipimo cha bure ambacho baba hana: jaribu saa hiyo. Ikikimbia saa 9 usiku na kutambaa saa 2 usiku, ni foleni. Ila hakikisha kwanza foleni haiko ndani kwako, maana kuna televisheni inacheza tamthilia, kijana anapakua gemu, na simu tatu zinapandisha nakala za picha zote za birthday kwa wakati mmoja. Hiyo ya kupandisha picha ni mchawi mkubwa, inaziba njia ya kutokea na kila kitu kingine kinasimama nyuma yake. Zipange zipande usiku wa manane.

Na kuna siku haina dawa nyumbani. Mei 12, 2024, Jumapili, tena ilikuwa Siku ya Mama Duniani, nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilikatika na Afrika Mashariki tukaumia, Tanzania tukiwa kati ya walioumia zaidi. Siku ile nilizima na kuwasha ruta sijui mara ngapi, na kumbe shida iko baharini. Tangu hapo kabla sijagusa kitu namuuliza jirani anayetumia kampuni tofauti na yangu. Naye akiwa analia, nakaa chini nakunja nguo.

SEHEMU YA 4

Ugonjwa ukiwa ndani ya nyumba, tuanze na mahali ruta ilipo.

Nielewe vizuri, najua kwa nini mmeificha. Mtoto anatembea, anavuta kila kinachoning'inia. Kwa hiyo ruta imeingia kwenye kabati la televisheni nyuma ya kioo, au juu ya friji, au chini ya meza kwenye kona, imefunikwa kitambaa cha maua kisipate vumbi. Kitambaa kitoe leo, ruta inapata joto na inahitaji kupumua.

Mawimbi ya waifai yanapita kwenye hewa na mlango wa mbao vizuri. Tofali la saruji yanalipita kwa taabu. Chuma hayapiti, yanarudi. Friji ni sanduku la chuma. Kioo cha kujitazamia kina madini nyuma yake. Maji nayo yanameza mawimbi, kwa hiyo simtank au pipa likikaa katikati ya ruta na chumba cha mtoto, chumba hicho hakitapata kitu. Iweke juu, mahali wazi, mtoto asipofika, waya umefungwa ukutani usining'inie.

Ruta ya laini ina mtihani wake, kwa sababu inaongea na watu wawili, mnara huko nje na nyie humo ndani. Mnara unaitaka dirishani, nyie mnaitaka katikati ya nyumba. Jaribu dirisha moja moja, subiri dakika kadhaa kila mahali, pima spidi, andika. Ukikuta dirisha zuri liko upande wa pili wa nyumba, bora uanze na la mnara, maana bila hilo hakuna cha kugawana.

Ruta nyingi za sasa zinatoa majina mawili ya waifai, moja la gigahezi 2.4 na jingine la gigahezi 5. La 5 linakimbia lakini ukuta mmoja tu linachoka. La 2.4 ni la taratibu lakini linafika mbali. Karibu na ruta tumia la 5, chumba cha mbali tumia la 2.4. Lile la 2.4 pia ndilo linalosumbuliwa na vitu vingi, ikiwemo maikrowevu na baadhi ya vifaa vya kumsikilizia mtoto akiwa chumba kingine. Dada mmoja aliniambia kila akipasha uji wa mtoto simu inakatika, akadhani ni mambo ya kishirikina. Ni maikrowevu, dada yangu. Na mkiwa mmebanana kwenye nyumba za ghorofa, waifai za majirani zinapigana kelele kwenye chaneli moja. Kwa 2.4, chagua chaneli 1, 6 au 11, hizo hazigongani zenyewe kwa zenyewe.

Vile vidude vya kuongeza waifai vinasaidia, lakini usikichomeke chumbani ambako hakuna mtandao. Kitaongeza nini? Kiweke nusu ya njia, mahali ambapo bado kinaisikia ruta vizuri. Na vile vya bei rahisi hupunguza spidi, jiandae.

Paswedi. Sikatai ujirani mwema, mimi mwenyewe watoto wa jirani wanakuja kwangu kufanya kazi za shule. Lakini ukifungua ukurasa wa ruta (anwani yake imeandikwa kwenye karatasi iliyobandikwa chini ya ruta, mara nyingi 192.168.0.1 au 192.168.1.1) ukaona vifaa 17 na nyie mko wanne, badilisha. Fungua mtandao wa wageni kama ruta yako inao, wape huo.

SEHEMU YA 5

Mionzi. Niliijua itakuja.

Wapo mama wanaoizima ruta kila mtoto akilala, na wengine wameifungia kabatini kwa sababu wameona video kwamba waifai inaharibu ubongo wa mtoto. Mama mmoja wa hapa aliizima usiku, baba yuko zamu ya ulinzi, akamtafuta kwa WhatsApp mpaka asubuhi hampati, akadhani wameuawa.

Waifai ni mawimbi ya redio, jamaa wa yale ya redio yako ya jikoni. Siyo mionzi ya X-ray, hayana nguvu ya kuvunja chembe za mwili kama ile. Shirika la Afya Duniani limeeleza kuwa hakuna ushahidi wa kisayansi unaoshawishi kwamba mawimbi dhaifu ya mitandao hii yanadhuru afya. Ni kweli mwaka 2011 wataalamu wa saratani wa shirika hilo waliyaweka mawimbi ya redio kwenye kundi la 2B, la vitu ambavyo "huenda" vinasababisha saratani, hasa wakiangalia matumizi ya simu iliyoshikwa sikioni. Kundi hilo hilo wameliweka dondoo la jani zima la mshubiri. Na nawajua nyie mnaopaka mshubiri titi wakati wa kuachisha, hamjawahi kuniuliza.

Ukiwa na wasiwasi bado, sogeza tu. Umbali ukiongezeka mara mbili, nguvu ya mawimbi inashuka hadi robo hivi. Sikuambii uiweke kichwani mwa kitanda cha mtoto, lakini sababu yangu ni waya unaoweza kumzunguka shingoni, na adapta yenye joto. Hivyo viwili ndivyo ninavyoviogopa.

SEHEMU YA 6, ya mwisho

Jumamosi nilikwenda kumwona yule mama wa saa 8 usiku. Nilienda kumwona mtoto, lakini si mnanijua, niliishia kwenye ruta.

Ilikuwa ndani ya kabati la televisheni, nyuma ya kioo, chini ya albamu ya harusi. Sebuleni mtandao mzuri, chumbani mstari mmoja unaokuja na kuondoka. Katikati kuna ukuta wa tofali na kabati la nguo lenye kioo kikubwa. Tulihangaika nayo saa nzima, mtoto mgongoni. Dirisha la sebuleni linaloangalia barabarani ndilo lililotoa spidi nzuri, tukaipandisha juu ya pelmeti, waya tukaubana na misumari ya kubania nyaya.

Tulipiga simu kampuni pia, kwa sababu jioni bado inatambaa hata ukisimama chini ya dirisha. Safari hii alikuwa na karatasi: tarehe, saa, spidi karibu na ruta, vifaa viwili vimejaribiwa, vitaa vyote viko sawa. Kijana wa upande wa pili alinyamaza kidogo, akasema, "Sawa mama, naona mnara wako." Akampa namba ya lalamiko. Tumeiandika. Wasipotatua, malalamiko yanapelekwa TCRA, lakini ni lazima uwe umeanza kwa kampuni yako na una hiyo namba mkononi.

Na kwa kuwa kwao umeme unakatika mara kwa mara, amepanga kununua kile kibetri kidogo cha kuishikilia ruta umeme ukienda. Nimemwambia aangalie V kama kwenye adapta.

Chumbani bado hapajawa pazuri, sitawadanganya. Ule ukuta haujahama. Tumekubaliana usiku analala na bando dogo la akiba kwenye simu yake mwenyewe, salio la kupiga simu ya kawaida, na namba ya bodaboda wawili wa mtaani, siyo mmoja. Baba kaambiwa asitoe ile laini ya akiba kwenda kuangalia mpira.

Ukikwama, nitumie meseji, ila uniambie vitaa vikoje. Leo na kesho niko naiti, nitajibu mchana nikiamka. Jumatatu tunarudi kwenye kuachisha kunyonya, na wenye mshubiri mje.